Reli ikifa, ardhi inabaki kwa nani? Jibu kuhusu njia ya Katy

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasomea upimaji ardhi, niko mwaka wa pili. Nimesoma habari za njia ya Katy katika jimbo la Missouri, Marekani. Watu wanatembea na kuendesha baiskeli, na wengine wanapanda farasi, juu ya tuta la reli iliyokufa, maili 240 kwa jumla. Nikaona pia kwamba ilihitajika sheria ya Bunge lao, na kesi zikafika hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi. Hapo ndipo ninapokwama. Kung'oa vyuma na kumwaga changarawe kuna ugumu gani? Kampuni ya reli imeondoka, lakini ardhi si ipo palepale?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Umekwama mahali ambapo hata mawakili wamekwama, kwa hiyo usione haya. Ardhi ipo palepale, ndiyo. Lakini uliposema "ardhi" ulifikiri kitu kimoja, kirefu, chenye mwenyewe mmoja. Ukanda wa reli mara nyingi haukuwa hivyo hata siku moja. Unaonekana mmoja kwa sababu treni ilipita juu yake bila kusimama. Kwenye hati za ardhi ni mamia ya vipande, kila kimoja na historia yake, vikiwa vimeshikanishwa na jambo moja tu: kwamba reli bado inatumika.

Turudi mwanzoni mwa miaka ya 1890, reli hii ilipokuwa ikijengwa kando ya Mto Missouri. Reli yenyewe iliitwa Missouri-Kansas-Texas, ikafupishwa MKT, na wenyeji wakaichezea herufi hizo mpaka ikawa Katy. Mjenzi wa reli alihitaji ukanda mwembamba, kwa kawaida futi 100 hivi, yaani mita 30, upite katikati ya mashamba ya watu. Aliupata kwa njia tofauti tofauti. Mwenye shamba mmoja aliuza kipande chake moja kwa moja, akalipwa, akaondoka. Wa pili aliandika hati ya kuruhusu reli ipite, basi, ardhi ikabaki yake. Wa tatu alikataa, akapelekwa mahakamani, na kipande kikachukuliwa kwa nguvu ya sheria kwa matumizi ya reli. Magharibi zaidi ya nchi, penye mapori ya serikali kuu, Bunge lilikuwa na sheria ya mwaka 1875 iliyozipa kampuni haki ya kupitisha reli katika ardhi ya umma.

Sasa angalia tofauti, maana hapa ndipo mzizi ulipo. Yule wa kwanza aliuza. Wa pili na wa tatu hawakuuza kitu: walitoa haki ya kupita, au walinyang'anywa hiyo haki. Na kwa sheria ya Missouri, kipande kilichochukuliwa kwa amri ya mahakama, au kilichotolewa bila malipo ya maana, kinaipa reli haki ya kupita peke yake. Haki ya namna hiyo ina maisha yake. Inaishi maadamu kazi iliyoombewa inaendelea. Reli ikiachwa kisheria, haki inakufa siku hiyo, na ardhi inakuwa huru mikononi mwa mwenyewe, au wajukuu zake, au yeyote aliyenunua shamba lile baadaye. Hakuna haja ya kuuziana wala kuandikiana barua. Mwenye shamba anaweza kuamka asubuhi, akaweka seng'enge juu ya tuta, akapanda mahindi mpaka katikati, na asimkosee mtu.

Wewe ni mpimaji, kwa hiyo fikiria matokeo yake kwenye ramani. Ukanda wa maili 200 hauhitaji kuliwa wote ndipo ufe. Shamba moja lenye mita 400 likifunga, ukanda wote umekuwa vipande viwili. Mashamba matano yakifunga, una vipande sita visivyofika popote. Ni kama ukili: ukishakatwa katikati, urefu uliobaki haukusaidii, huwezi tena kuushona mkeka uliokusudia. Ndiyo maana nilitaka tuanzie kwenye hati kabla ya changarawe. Changarawe hununuliwa wakati wowote. Mfululizo ukipotea, haununuliki kwa bei ambayo mtu wa kawaida angekubali kulipa, kwa sababu utabidi ubishe hodi kwa kila mwenye shamba, na mmoja tu akikataa, kazi yote imekwama.

Marekani iliona jambo hili likitokea mbele ya macho yake. Mwaka 1916 mtandao wake wa reli ulifika kilele, maili zipatazo 254,000. Baada ya hapo yakaja magari madogo, malori na barabara kuu, na reli za matawi zikaanza kukosa mzigo. Sheria ya mwaka 1980 iliyolegeza udhibiti wa reli ikarahisisha pia kampuni kuacha njia zisizolipa, na nyingi ziliachwa. Njia nyingi zilizoachwa zilisambaratika kama nilivyokueleza. Wakati huohuo watu walikwisha kuona kwamba njia hizo zina kazi nyingine. Huko Wisconsin, njia ya Elroy–Sparta, maili 32 zenye mahandaki matatu, ilikuwa imefunguliwa kwa watembeao na baiskeli tangu miaka ya 1960. Karibu na Chicago, mtaalamu wa mimea May Theilgaard Watts aliandika barua gazetini mwaka 1963 kuomba reli iliyokufa igeuzwe njia ya miguu, na kutokana na barua ile ikazaliwa Illinois Prairie Path. Lakini hizo zilikuwa juhudi za mahali pamoja pamoja.

Mwaka 1983 Bunge la Marekani likaingiza kifungu kifupi katika sheria ya njia za kitaifa. Mimi hukihesabu kati ya vifungu vyenye akili zaidi nilivyowahi kusoma katika sheria za ardhi, ingawa, kama utakavyoona, hakikuwa bila maumivu. Kinasema hivi kwa ufupi: kampuni ikitaka kuacha reli, na jimbo, mji au shirika likajitokeza kuuchukua ukanda, likakubali kubeba uendeshaji, kodi na dhima ya kisheria ya lolote litakalotokea humo, basi ukanda unaweza kutumika kama njia ya umma kwa muda, na matumizi hayo hayatahesabiwa kuwa ni kuiacha reli. Ukanda unabaki hai kisheria. Siku yoyote reli ikihitajika tena, treni inaweza kurudi. Reli imewekwa akiba.

Umeona ujanja wake? Haki ya kupita inakufa reli inapoachwa. Sheria ikasema: haijaachwa. Vyuma vimeng'olewa, mataruma yameuzwa, mbwa na watoto wanakimbia pale kila Jumamosi, lakini machoni mwa sheria reli imelala tu. Na si maneno matupu, kwa kuwa kuna njia chache zilizowekwa akiba hivyo ambazo treni zimerudishwa kweli.

Katy iliingia katika mlango huo ukiwa bado mpya. Mwaka 1986 Mto Missouri ulifurika na kuharibu sana reli iliyokuwa tayari inachechemea, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo treni zikakoma kati ya Machens na Sedalia. Jimbo likaomba ukanda uwekwe akiba, likaupata mwaka 1987. Fedha za kuununua na kuanza kuujenga zilitoka kwa sehemu kubwa kwa Ted Jones, aliyekuwa ameongoza kampuni ya uwekezaji ya Edward Jones, na mkewe Pat: dola milioni 2.2. Kipande cha kwanza kilifunguliwa Rocheport, Aprili 1990. Ted Jones alifariki mwaka huohuo. Aliwahi kuona mwanzo wake tu. Baadaye kampuni ya Union Pacific, iliyokuwa imeimeza Katy, ikatoa ukanda wa kutoka Sedalia kuelekea Clinton, na mwaka 2011 ncha ya mashariki kutoka St. Charles hadi Machens ikakamilika.

Sasa waangalie wenye mashamba, maana wengi wanaosimulia habari hii huwaruka, na mimi siwezi. Wewe una shamba kando ya mto. Babu yako alilazimishwa kutoa ukanda kwa ajili ya reli. Kwa karibu miaka 100 familia imesikia treni ikipita, na imejua kwamba siku itakapokoma, ardhi ni yenu. Siku hiyo inafika. Halafu unaambiwa haijafika, kwa sababu kuna watu wasiokujua watapita hapo kwa baiskeli, mita chache kutoka kwenye zizi lako. Hasira yao naielewa, na sidhani kama ilikuwa ya uchoyo. Walikuwa na hati mkononi.

Walikwenda mahakamani. Wenye mashamba ya kando ya Katy walishindwa katika mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 1989: kifungu kile kikasimama. Mwaka uliofuata kesi nyingine, iliyotoka jimbo la Vermont kando ya Ziwa Champlain, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Inajulikana kama kesi ya Preseault. Majaji wote walikubaliana kwamba Bunge lina mamlaka ya kuhifadhi kanda za reli kwa ajili ya siku za mbele. Lakini walisema pia neno ambalo wenye mashamba walikuwa wanalihitaji: ikiwa kwa sheria ya jimbo ardhi ingerudi kwako, na serikali ikaizuia isirudi, unaweza kudai fidia kwa serikali kuu. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba katika kesi hiyohiyo mali ilichukuliwa kweli na fidia inastahili. Mwaka 2000 wenye mashamba wa Missouri nao wakapata uamuzi wa namna hiyo.

Kwa hiyo jibu la mahakama lilikuwa na sehemu mbili zinazokwenda pamoja: njia inabaki, na mwenye ardhi analipwa na hazina ya umma. Naona hiyo ndiyo haki. Ikiwa taifa zima linafaidika na mfululizo wa ukanda, si sawa gharama yake ibebwe na yule mwenye shamba peke yake kwa sababu tu ya mahali shamba lake lilipo.

Usisahau pia uamuzi wa mwaka 2014, kesi ya Brandt kutoka Wyoming, uliohusu zile reli zilizopita katika ardhi ya serikali chini ya sheria ya 1875. Majaji wanane dhidi ya mmoja walisema kampuni zilipewa haki ya kupita tu, kwa hiyo reli ikiachwa bila kuwekwa akiba, ardhi inabaki kwa aliyeimiliki baada ya serikali. Neno la kushika hapo ni "bila kuwekwa akiba". Katy haikuguswa.

Haya, sasa changarawe yako. Hapo pia kuna kazi zaidi ya ulivyofikiri, ingawa sehemu kubwa ilikwisha kufanywa na watu waliokufa zamani kwa koleo, nyumbu na baruti. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma linateleza upesi. Kichwa cha treni kinachovuta mzigo mzito kinahangaika hata kwenye mwinuko wa mita mbili kwa kila mita 100, na wajenzi walipigania usifike huko. Ndiyo maana walijaza mabonde, wakachonga vilima, wakazungusha mikunjo mipana, na pale mwamba ulipowakatalia huko Rocheport wakatoboa handaki la futi 243 mwaka 1893, la pekee katika njia yote ya Katy. Mtu wa kiti cha magurudumu, mzee mwenye goti bovu, mtoto anayejifunza baiskeli: wote wanapanda bila kujua kwamba wanapanda. Hakuna mhandisi wa leo ambaye angepewa fedha za kuchonga vilima kwa ajili yao. Vilichongwa kwa ajili ya makaa na nafaka, wakarithi wao.

Kinachoua njia ya namna hii ni maji. Tuta lilijengwa likiwa na mitaro pande zote mbili na makalavati chini yake, na wakati wa reli kulikuwa na kikosi cha watu waliopita kila mara kuyazibua. Kikosi kikiondoka, majani yanaziba, magogo yanakwama, maji yanatafuta njia juu ya tuta, na mvua moja kubwa inalila. Katy yenyewe ilikuwa haijatimiza miaka mitatu na nusu tangu ifunguliwe, gharika kuu ya 1993 ikaja ikasomba sehemu kubwa ya njia. Wakajenga tena. Kwa hiyo anayekuambia njia imekamilika, muulize nani anazibua makalavati, na kwa bajeti ya nani.

Juu ya tuta kuna kokoto kubwa za reli, ambazo gurudumu la baiskeli haliwezi kuzikanyaga. Huko Missouri waliweka juu yake changarawe ya mawe ya chokaa yaliyosagwa, mchanganyiko wa vipande vidogo na vumbi. Ukiishindilia ikiwa na unyevu, vumbi linajaza nafasi na uso unakuwa mgumu kama sakafu, lakini bado unapitisha maji kidogo na ni laini kwa miguu na kwato. Lami ingependeza wenye viatu vya magurudumu, ila gharika ikiivunja, kuitengeneza ni gharama nyingine kabisa. Chokaa unaleta lori, unamwaga, unashindilia. Na kabla ya kumwaga chochote, udongo hupimwa, maana mataruma yalilowekwa dawa ya kuzuia kuoza na magugu yaliuliwa kwa sumu miaka mingi, na masalia yake hukaa.

Madaraja yana nguvu ya kutosha na kubaki, kwani yalibeba treni. Kinachokosekana ni sakafu na kingo za kuzuia watu wasianguke. Kuhusu kugawana njia, desturi ya Marekani ni rahisi: mwenye baiskeli humpisha anayetembea, na wote wawili humpisha farasi. Ukimkuta farasi, sema neno kwa sauti ya kawaida ukiwa bado mbali, ajue wewe ni mtu. Katika Katy farasi wanaruhusiwa vipande fulani tu.

Kama siku moja utapewa ukanda wa reli ya Marekani uupime, usianze na chombo. Anza na ramani za tathmini. Sheria ya mwaka 1913 iliilazimisha serikali kutathmini mali yote ya kampuni za reli, na wapimaji wakachora kila ukanda, kila kipande na namba yake, pamoja na orodha inayosema kilipatikana kwa nani, lini, na kwa hati ya aina gani. Ukizisoma utauona ukanda ukisambaratika mbele yako na kuwa mashamba, kabla hujatoka ofisini. Nilipoziona mara ya kwanza nilikaa nazo hadi jioni.

Nikuachie mfano wa daraja la Boonville, ambapo reli iliuvuka Mto Missouri. Lilijengwa mwaka 1932, na sehemu yake ya katikati hunyanyuliwa juu nzimanzima ili meli zipite. Miaka ya 2000 Union Pacific ilitaka kulibomoa ichukue chuma chake kwa daraja lingine, na serikali ya jimbo ilikuwa tayari kuiruhusu. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Jay Nixon, akaenda mahakamani kuzuia. Wapinzani wa ubomoaji walikuwa na hoja ambayo sasa utaielewa mara moja: watembeao wangeweza kuvukia daraja la barabara kuu lililo jirani, lakini treni isingeweza, na ikiwa treni haiwezi kurudi, je, reli imewekwa akiba au imeachwa? Na kama imeachwa, ardhi yote ni ya nani? Nixon alishindwa mahakamani. Hata hivyo daraja halikubomolewa. Mwaka 2010, yeye akiwa gavana, lilikabidhiwa kwa mji wa Boonville, na upande wa mji ukaja kutengenezwa watu watembee juu yake. Wanakwenda mpaka mahali sakafu inapokoma. Mbele yao, juu ya maji, sehemu ya katikati imeachwa imenyanyuliwa.